Kwenda sokoni Juárez kwa miguu: panga kuanzia mwisho

Binti wa dada yangu amepata kazi El Paso, Texas. Wiki iliyopita alinipigia simu: "Mama mdogo, wewe umekaa pale miaka kumi na miwili. Nikivuka ng'ambo ninunue nini, na nini nisikiguse?" Nilimjibu pale pale, lakini baada ya kukata simu nikakumbuka mengi niliyoyaruka. Nayaandika hapa, yamfae yeye na Mswahili mwingine yeyote ambaye riziki imemtupa kwenye mpaka ule.

Nilifika El Paso mwaka 1999 nikapata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Mji huo umetazamana na Ciudad Juárez, jimbo la Chihuahua, na katikati yake upo mto ambao Wamarekani huuita Rio Grande na Wamexico huuita Río Bravo. Pale mjini mto umewekwa ndani ya mfereji wa zege, na siku nyingi maji yake ni ya kuhesabu. Aliyenivusha mara ya kwanza ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa Chihuahua, mjane, ambaye mpaka leo namwita comadre. Wamexico humwita hivyo mama aliyeunganishwa nao na ubatizo wa mtoto, au shoga aliyekwisha kuwa ndugu. Sisi tuliunganishwa na kikapu.

Comadre alikuwa na kanuni moja: safari ya sokoni inapangwa kuanzia kwenye meza ya afisa wa forodha, wakati wa kurudi, halafu unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwako. Nilimsikia lakini sikumwelewa. Safari ya pili nilikwenda peke yangu, nikakuta mapera. Mapera ya njano, madogo, yananukia kama ya uani kwa bibi yangu Pongwe. Nikanunua kilo mbili, nikasimama nayo kwenye foleni ya darajani zaidi ya saa nzima nimeyakumbatia, na pale mezani yakamiminwa kwenye pipa yote. Nilikuwa nimeyataja mwenyewe nilipoulizwa nina nini, kwa hiyo sikutozwa kitu. Mwanamke aliyenitangulia alisema hana chochote, wakamkuta na soseji za nguruwe chini ya nguo. Yeye alilipa faini, na alilia.

Vitu vya kuacha huko huko

Basi anza na orodha ya mezani. Matunda mabichi mengi hayavuki kuingia Marekani mikononi mwa msafiri: mapera, maembe, machungwa. Sababu ni nzi wa matunda na wadudu wengine wanaofichama ndani yake. Parachichi likiwa na kokwa linachukuliwa. Nguruwe mbichi, chorizo (soseji ya nguruwe yenye viungo), na zile soseji nene wanazoziita bologna, hazipiti. Kuku mbichi na mayai mabichi hayapiti. Vinavyopita bila shida, ukivitaja, ni mikate, tortilla (chapati nyembamba za Mexico, za mahindi au ngano), jibini gumu, pilipili kavu, kahawa iliyokaangwa, vanila na sukari guru. Kanuni hubadilika kukiwa na ugonjwa wa mifugo au wadudu wapya, kwa hiyo soma tangazo la forodha wiki ile ile unayovuka.

Na ukiulizwa, taja vyote. Hata mkate mmoja. Kutaja hakuna adhabu. Kitu kisichoruhusiwa kitatupwa tu, basi. Kuficha ndiko kunakotozwa, na faini ya kitu kidogo cha kula inaweza kufika mamia ya dola. Nilizoea kuandika vitu vyangu kwenye kipande cha karatasi nikiwa bado Juárez, kisha nikifika mezani nasoma. Mkaazi wa Marekani anaruhusiwa kuingia na bidhaa za dola 800 bila ushuru mara moja kila siku 30, na ukishaitumia nafasi hiyo, dola 200 tu. Kwa kikapu cha sokoni hufiki huko.

Hatua inayofuata kurudi nyuma ni karatasi zako. Zamani nilipofika, raia wa Marekani alivuka akatamka uraia wake kwa mdomo, akaonyesha leseni ya udereva, akapita. Tangu tarehe 1 Juni 2009 hata wao wanatakiwa pasipoti au kadi inayokubalika. Sisi wageni hatukuwahi kuwa na urahisi huo. Mwenye ukaazi wa kudumu achukue kadi yake pamoja na pasipoti. Pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo peke yake haikuingizi Mexico bila viza yao, ila Mexico humkubali mwenye viza halali ya Marekani au ukaazi wa kudumu wa huko.

Hapa nitasema kwa msisitizo, maana naijua familia moja iliyoumia. Kama maombi yako ya hifadhi bado yanashughulikiwa, usivuke. Usivuke hata kwa dakika kumi kula taco. Ukitoka Marekani bila kibali cha safari ulichopewa mapema, unahesabiwa kuwa umeyatelekeza maombi yako. Daraja ni fupi, unawaona watu wanakwenda na kurudi na mifuko, unadhani ni kama kuvuka barabara. Muulize mwanasheria wako kwanza.

Usalama pia uangalie. Kati ya 2008 na 2011 Juárez ilipita katika mauaji makubwa; mwaka 2010 peke yake waliuawa watu zaidi ya 3,000. Miaka ile mimi na comadre tulivuka mara chache sana, na kila tulipofika tulikuta duka jingine limefungwa, mlango mwingine umepigwa mbao. Muuza jibini wetu tulimkuta siku moja hayupo, na hakuna aliyetaka kutuambia alikokwenda. Mji ulinyanyuka baadaye, lakini tahadhari haijaisha: serikali ya Marekani hutoa maelezo ya usalama kwa kila jimbo la Mexico, soma ya Chihuahua. Nenda asubuhi, mchana uwe umerudi, na usiache barabara kubwa zenye watu.

Siku na njia

Jumamosi saa mbili asubuhi ndiyo saa yangu. Jumapili alasiri foleni ya kurudi inakuwa ndefu, na Desemba ni ndefu kila siku. Nenda kwa miguu. Mwenye gari hukaa kwenye foleni akichoma mafuta, na anajidanganya kununua vitu vingi kwa sababu ana mahali pa kuviweka. Mtu wa miguu hununua alichoweza kubeba. Vaa viatu ulivyovizoea, kofia, chupa ya maji. Lile ni jangwa, na daraja halina kivuli cha maana. Mimi nilibeba kikapu cha mkononi cha plastiki iliyosukwa, na ndani yake taulo nene lililoloweshwa, nikalikamua na kuliweka ndani ya mfuko: hilo ni la jibini.

Daraja ni Paso del Norte, ambalo wenyeji wengi huliita la Santa Fe. Mlangoni unatumbukiza sarafu. Weka kando na peso chache za sarafu kwa ajili ya kurudi, kwa sababu kila upande unatoza wanaotoka kwake. Nimeona watu wazima wakiomba peso pale mlangoni, mikono imejaa mizigo.

Ukishuka daraja uko Avenida Juárez. Nyoosha kusini. Kabla ya sokoni utapita maduka ya kubadili fedha, yenye ubao wa namba mbili, compra na venta. Wewe una dola, wao wanazinunua, kwa hiyo namba yako ni ile ya compra. Linganisha maduka mawili, badilisha kidogo. Mwaka 2000 dola moja ilikuwa peso 9 na ushei. Miaka ya karibuni imewahi kuvuka 20, kwa hiyo bei za zamani usizibebe kichwani. Wachuuzi wengi wanapokea dola, lakini chenji unarudishiwa kwa peso na kwa hesabu ya mwenye duka, na hapo ndipo senti zinapotelea.

Utafika Avenida 16 de Septiembre, na jirani yake liko kanisa kuu, ubavuni mwake kanisa dogo jeupe la misheni ya Guadalupe lililoanzishwa mwaka 1659. Comadre alikuwa anaingia pale dakika tano, mimi namngoja uwanjani na vikapu viwili. Soko la Cuauhtémoc liko jirani na hapo. Lipo pia soko la Mercado Juárez, lenye blanketi, mikanda na vinyago vya watalii. Ni zuri kwa zawadi, lakini watu wa jikoni wanakwenda Cuauhtémoc.

Kula kwanza, na uulize mafuta

Usinunue kitu kabla hujala. Mwenye njaa hununua mapera.

Mimi sili nguruwe, na hili ndilo somo lililonichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu nguruwe wa Mexico hayupo kwenye nyama tu. Yupo kwenye mafuta. Maharage yaliyopondwa hukaangwa kwa mafuta yake, tortilla za ngano mara nyingi zinakandwa nayo, na mikate mingine pia. Neno lake ni manteca. Lakini manteca hiyo hiyo inaweza kuwa ya mimea, kwa hiyo ukiuliza "ina manteca?" utaambiwa ndiyo na utakosa chakula ambacho ungekula. Uliza hivi: "¿Es manteca de puerco o vegetal?" Comadre alinifanya nilirudie darajani mpaka likanyooka. Sikuwahi kukutana na mwuzaji aliyeudhika. Wengi walinyanyua kopo lenyewe wakanionyesha. Mwenye kutaka nyama iliyochinjwa kwa sheria, hapo abaki na jibini, mayai, maharage na mboga, na hatalala njaa.

Taco (tortilla ndogo iliyokunjwa na kitoweo ndani) za al pastor ndizo zilizonisikitisha. Unaziona kwa mbali: nyama nyekundu imepangwa kwenye mti wa chuma, inazunguka mbele ya moto, mtu anaikata kwa kisu kirefu. Ni shawarma. Wahamiaji kutoka Lebanoni na nchi jirani ndio walioipeleka Mexico, mji wa Puebla, lakini mikononi mwa Wamexico kondoo akageuka nguruwe. Usidanganywe na sura.

Burrito ya Juárez ndiyo ya kula. Usitegemee lile gogo la mikahawa ya Marekani lililojazwa wali. Ya Juárez ni nyembamba, tortilla ya ngano na kitu kimoja ndani: nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa, au maharage na jibini, au pilipili ya kijani iliyochomwa motoni pamoja na jibini la asadero linalovutika kama uzi. Mimi ni hiyo ya mwisho, mbili. Jumamosi na Jumapili asubuhi kuna menudo, supu ya utumbo wa ng'ombe yenye punje kubwa za mahindi, unakamulia ndimu na kunyunyizia oregano. Ndimu yao ni ndimu yetu hasa, ile ndogo yenye mbegu. Wakati wa baridi kunywa atole, uji mwepesi wa mahindi; ukiwekwa chokoleti unaitwa champurrado. Wakati wa joto kuna maji ya jamaica, ambayo ni rosela, na maji ya ukwaju. Nilipoonja ukwaju ule mara ya kwanza nilikaa kimya, comadre akadhani sijaupenda.

Chagua kibanda chenye foleni ya wenyeji na moshi unaotoka, na ambapo anayeshika pesa siye anayeshika chakula. Maji ya kunywa yawe ya chupa.

Kununua: kizito mwisho, laini juu

Pilipili kavu kwanza, kwa kuwa ni nyepesi na haiharibiki. Chukua chile colorado, pilipili ndefu nyekundu ya Chihuahua. Ikunje: ikikunjika kama ngozi ni ya mwaka huu, ikivunjika kama jani ni ya zamani. Ancho ni tamu zaidi kuliko kali. Chipotle ni pilipili ya jalapeño iliyokaushwa kwa moshi. De árbol ni kali, ichukue kidogo. Nyumbani unaondoa mbegu, unazipitisha kwenye kikaango kikavu sekunde chache (zikiungua zinakuwa chungu), unaziloweka maji ya moto dakika ishirini, unasaga na kitunguu saumu na oregano, unachuja, unakaanga mpaka mafuta yajitenge. Mchuzi huo niliulia samaki, nikaulia maharage, na mara nyingi wali mtupu.

Sukari guru wanaiita piloncillo, inakuja kwa umbo la pia. Rosela kavu inapimwa kwa kilo.

Vanila inahitaji macho. Mmea wenyewe asili yake ni Mexico, na iliyo halisi ni nzuri mno, lakini chupa kubwa ya bei ya soda si vanila. Nyingine hutengenezwa kwa mbegu za tonka zenye kumarini, kitu ambacho Marekani imekipiga marufuku kwenye chakula tangu 1954. Soma karatasi ya chupa: halisi ina kileo cha kutosha na imeandikwa dondoo la vainilla, siyo ladha tu. Chupa ndogo ya ghali inakaa mwaka.

Pipi za ukwaju na pilipili watoto wanazipenda sana. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Marekani ilitahadharisha juu ya risasi, ile madini, katika baadhi ya pipi hizo, kwa hiyo mimi sikuwa nawapa wadogo. Na vyungu vya udongo vinavyong'aa ni hivyo hivyo: kama havikuandikwa sin plomo, yaani bila risasi, viweke maua. Usivipikie maharage, na ndimu ndiyo kabisa.

Jibini ni la karibu na mwisho. Queso menonita ni la Wamenoniti, watu wa dhehebu la Kikristo, waliohamia Chihuahua kutoka Canada mwaka 1922, gumu kiasi, la njano hafifu. Asadero ni la kuyeyusha. Omba kuonja, watakukatia kipande. Jibini bichi jeupe linalotoa maji liache usipoona neno pasteurizado, yaani maziwa yake yalipashwa moto kuua vijidudu. Maziwa mabichi huleta homa ya brusela, na mjamzito asilisogelee kabisa. Likishafungwa, kwenye taulo, chini ya kikapu.

Tortilla za mahindi zinanunuliwa wakati unaondoka, zikiwa moto, kwa kilo, zimefungwa kwenye karatasi. Hapo tortillería simama kidogo utazame. Mahindi yanachemshwa na chokaa, yanalala usiku, yanaoshwa, ndipo yanasagwa. Wenyeji wa Mexico waligundua jambo hilo zamani sana: chokaa inaifungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalipopelekwa Ulaya na kwingine bila ujuzi huo, masikini walioyategemea peke yake walipata pelagra, ngozi zikachubuka, wengine wakarukwa na akili. Mimi nimekulia ugali wa sembe, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wenye mahindi walikuwa na hatua moja zaidi. Harufu ya tortilla ile si harufu ya ugali. Ina kitu kama mvua ya kwanza juu ya ukuta uliopakwa chokaa.

Mkate ndio wa mwisho kabisa. Dukani unachukua sinia na koleo, unajipakulia mwenyewe, mwuzaji anahesabu. Concha ina ganda la sukari lenye mistari kama kombe. Marranito ni wa sukari guru, umekatwa umbo la nguruwe. Swali la manteca uliulize hapa tena. Kati ya mwisho wa Desemba na tarehe 6 Januari kuna rosca, mkate wa duara wenye kisanamu kidogo cha mtoto ndani, na atakayekipata kipande chenye kisanamu huwalisha wenzake tamales (unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya mahindi) tarehe 2 Februari. Mwaka 2003 nilikipata mimi. Nilipika tamales za jibini na pilipili kwa watu kumi na wanane, comadre amekaa kitini ananielekeza, na ganda la kwanza la mahindi nilipolifunua unga ulikuwa haujaiva katikati. Alinirudishia sufuria jikoni, akaniambia nisubiri saa nyingine nzima. Zikaiva.

Foleni, na baada yake

Kwenye foleni shika kikapu mbele yako, mkate juu, karatasi ya vitu mkononi, sarafu za daraja mfukoni. Kama umesahau na tunda limebaki, ulile pale pale daraja linapoanza; ndivyo tulivyokuwa tunafanya, tukigawa vipande vya embe kwa waliosimama nyuma yetu.

Ukifika nyumbani, jibini ndani ya jokofu kabla hujavua viatu. Tortilla za siku mbili zibaki kwenye kitambaa, nyingine gandisha, na uzipashe moto kwenye kikaango kikavu bila mafuta, kila upande mpaka ivimbe. Pilipili ziwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Halafu tuligawana, mezani kwa comadre: yeye nusu ya asadero, mimi nusu, concha moja moja ya waridi, na chai ya maziwa yenye iliki niliyokuwa nimeiacha kwenye chupa tangu alfajiri. Alikuwa anachovya ganda la sukari kwanza.